Mstari wa Boti ya Maziwa

Falone alitumwa sambaza tu, wale dagaa wa ziwa letu. Mama yake alimpa sahani ya bati akamwambia awahi ufukweni kabla akina mama hawajafunga biashara, kwa sababu mafuta ya ngazi, mawese yetu, yalikuwa tayari jikoni na bugali bila kitoweo hauliki. Akashuka na njia ya migombani, ndala zikimpiga visigino. Jua lilikuwa limeshajificha nyuma ya milima ya Masisi na ziwa lilikuwa limeanza kuwa jeusi.

Bweremana, kijiji chetu cha kando ya ziwa, saa hizo huwa ni kelele tupu. Wavuvi wanafunga mitumbwi yao mitatu mitatu kwa miti mirefu, wanajaribu taa, wanaimba, wanatukanana kwa upendo. Wauza sambaza wanaapa kwa Mungu kwamba wamekujazia kikombe, na huku kidole gumba kimo ndani ya kikombe. Lakini jioni ile watu waliongea chini chini. Wengine walikuwa wamejifunika pua.

Kulikuwa na harufu.

Maziwa... Maziwa yaliyochacha, yale yanayosahauliwa ndani ya debe mpaka yanaota ngozi. Falone aligeuka kumtafuta muuzaji. Hakumwona. Wafugaji wa milimani huleta maziwa asubuhi, tena sokoni. Hakuna mtu mwenye akili anayeleta maziwa ufukweni wakati wa giza.

Papa Esdras alikuwa ameketi juu ya jiwe kando ya boti ya mradi, boti aliyoiendesha yeye. Hakuwa amekwenda kuoga wala kula.

"Unasikia?" alinong'ona.

"Nasikia, Papa."

"Njo tangu tulirudia. Tangu tulirudia tout droit, bila kupinda." Alitema mate pembeni. "Kesho nitazunguka, mwana wangu. Chef Albert akasirike kama anataka."

Falone aligeukia wauzaji. Alinunua sambaza zake akapanda kurudi, na harufu ikapanda naye mpaka kwenye kona ya kanisa.

Hapa inabidi nisimame kidogo, maana msomaji asiyetoka kwetu ataniuliza, kuzunguka nini? Njo ni ndio ya kwetu tu; kuzunguka ndiko kunataka maelezo. Kwetu, boti ikipita mahali mtu alipozama, hairudi nchi kavu moja kwa moja. Inazunguka kwanza, duara moja kamili, ndipo inaelekea nyumbani. Tunaita kukata njia. Aliyezama hajui kwamba safari yake iliisha. Akiona boti inakwenda pwani bila kupinda, anajua njia ni hiyo, anaifuata. Hata padri akiwa ndani ya boti, dereva anazunguka naye, na padri anajifanya anatazama ndege.

Sasa muweke mtu wa mistari katikati ya watu wa kuzunguka, uone. Albert Nshimiyimana hakuwa mtu mbaya. Alitoka Goma na mradi wake mzuri tu: kuziweka kwenye ramani ya kompyuta boti zote za zamani zinazolala chini ya ziwa, kabla hazijaoza na kusahauliwa. Alikuwa na chombo cha chuma cha rangi ya machungwa, chenye umbo la samaki, na watu wote wakakiita Samaki. Samaki alivutwa nyuma ya boti kwa kamba ndefu. Alituma sauti chini, sauti ikarudi ikiwa picha. Ila boti ilipaswa kwenda mnyoofu. Ikipinda, picha nayo inapinda, inakunjamana kama nguo iliyokamuliwa, na Albert anapiga kelele kwa Kifaransa.

Boti aliyoitafuta Bweremana ilikuwa ile ambayo babu zetu waliiita Boti ya Maziwa. Ilizama zamani za Wabelgiji, ikitoka Goma kwenda Bukavu, imebeba madebe ya maziwa ya mashamba ya Masisi na watu wa kuyabeba. Wenye boti walililia maziwa. Wabebaji walikuwa watu wa kuletwa kutoka mbali, hakuna aliyejua wanakotoka, na hakuna aliyewazika.

Albert alitafuta boti. Falone, msaidizi wake, binti wa palepale Bweremana aliyesomea mambo ya ramani huko Goma, alitafuta mtu mmoja.

Kaka yake Luc alizama miaka miwili kabla. Alikuwa mfanyabiashara wa jibini, akinunua kwa wafugaji wa juu na kuvusha kwa boti wakati barabara inapofungwa. Upepo uliipindua boti yao karibu kabisa na nyumbani. Wenzake wote walipatikana, wazima au wafu. Luc hakupatikana. Basi nyumba ikafanya yanayofanywa. Ulikatwa mgomba wa kimo chake. Mama yake, Mama Joséphine-Marie, alikichana katikati kitenge chake cha njano chenye funguo za buluu. Nusu moja akauvisha mgomba, nusu ya pili akabaki nayo kiunoni. Mgomba ukaitwa Luc, ukaombewa, ukazikwa nyuma ya nyumba. Na tangu siku hiyo nafasi yake imejaa. Hata mwili ukionekana baadaye, hauletwi nyumbani, unazikwa hukohuko ufukweni, kwa sababu mahali pake ameshalala mwingine.

Falone alifika kutoka Goma wakati udongo umeshafunikwa. Walimwonyesha wakasema Luc yuko pale. Akatazama, akawaza moyoni, ule ni mgomba. Hakulia. Miaka miwili hakulia, akingoja mifupa ya kaka yake, na kungoja kule kulimkausha.

Na mahali pa Luc palikuwa palepale, kati ya Boti ya Maziwa na ufukwe. Ndipo Papa Esdras alipozunguka kila siku, kwa heshima ya Luc, na kila siku picha ya mahali hapo ikaja imekunjamana. Ndipo mchana wa siku ileile, kabla ya jioni ya harufu, Falone alipomwinamia Papa Esdras sikioni.

"Papa, leo usizunguke. Juu ya Luc. Nataka nimuone."

Mzee alimtazama sana. Luc alikuwa rafiki wa mtoto wake, alikua akila kwake. Hakuzunguka.

Basi jioni ile, Mama akikaanga sambaza jikoni, Falone alifungua kompyuta sebuleni. Picha za Samaki zina tabia yake. Kitu kinang'aa, na nyuma yake kinalaza kivuli cheusi. Ukiona kivuli, lazima kuwe na kitu kinachokilaza. Alianza na mahali pa Luc. Palikuwa mchanga mtupu, safi kama uwanja uliofagiwa kwa ajili ya wageni.

Akasogeza picha mpaka kwenye Boti ya Maziwa. Pua yake iliyovunjika ilionekana vizuri, na madebe yametawanyika. Na juu ya boti kulikuwa na vivuli.

Virefu. Vimesimama wima.

Alitafuta vitu vyenyewe, vile vinavyolaza vivuli. Havikuwepo. Vivuli vilikuwepo, wenye vivuli hawakuwepo... Na kimoja, cha mwisho, kilikuwa kimeegemea upande wa kushoto.

Luc alivunjika mguu kwenye pikipiki akiwa kijana, na tangu hapo alisimama hivyo, upande upande, kama mtu anayesikiliza ukutani.

"Luc," Falone alisema.

"Unaita nani?" Mama aliuliza kutoka jikoni.

"Hakuna, Mama."

Mama aliingia na sahani. Uso wake ulikuwa na nuru ambayo Falone hakuwa ameiona siku nyingi. "Unajua, mugomba ya kaka yako imetoa mutoto. Nimeiona leo mangaribi. Jani moja, kijani kabisa."

Mgomba uliokatwa, uliozikwa miaka miwili, utatoaje chipukizi? Mtu mwenye akili timamu angeogopa. Falone alifurahi. Alikula sambaza zote, akalala, akaota anafungua mlango.

Asubuhi ukungu ulifunika ziwa na ilibidi wangoje mpaka mchana. Walipotoka, Albert aliketi mbele ya kioo cha kompyuta akila karanga. Ghafla akaacha kutafuna.

"Hii ni nini? Tayari? Haitakiwi kuwa hapa."

Boti ya Maziwa ilikuwa imetokea kwenye kioo mapema mno. Ilikuwa ileile, pua ileile iliyovunjika. Lakini ilikuwa karibu na nchi kavu kuliko jana. Ilikuwa imesogea juu ya mstari waliouchora jana waliporudi pwani, juu yake hasa, bila kutoka hata kidogo.

"Erreur ya GPS," Albert alisema. Aligonga kioo kwa kucha. "Ao gaz. Ziwa hii iko na gaz mingi chini. Inadanganya son, sauti ya Samaki. Hata hii harufu, ni gaz njo inatoka."

"Gaz inanuka maziwa?" Papa Esdras aliuliza bila kugeuka.

Albert alirudi kwenye karanga zake. Gesi ya ziwa letu ipo kweli, imeua watu, na mimi sitaki kubishana na waliosoma. Ninasimulia tu.

Falone alikuwa anatazama kioo. Juu ya boti hapakuwa na kivuli hata kimoja leo. Alishusha pumzi. Kisha picha ikaendelea kushuka taratibu, mstari kwa mstari, na akaviona.

Vilikuwa mbele ya boti. Kwenye mchanga. Kimoja nyuma ya kingine, kwa safu, kama watu wanaopanda kutoka sokoni. Vyote vilielekea ufukweni.

Kilichotangulia kilikuwa kimeegemea kushoto.

Papa Esdras naye aliona. Mkono wake ulikuwa tayari kwenye injini. "Nazunguka," alisema.

"Hapana!" Albert aliruka. "Tuko karibu, Papa! Tukipinda tunapoteza kila kintu. Tout droit!"

"Nazunguka, chef."

"Falone, umuambie!"

Wote wawili walimgeukia. Maji yalikuwa kimya kabisa, na ufukwe ulionekana, na juu ya ufukwe migomba ya nyumbani kwao. Falone alijua. Sitamtetea hapa, nampenda lakini sitamtetea. Mtoto wa Bweremana anajua kukata njia kabla hajajua Baba Yetu. Alijua kinachofuata boti ni nini, na alijua nani anatangulia.

"Tout droit, Papa," alisema.

Walikwenda mnyoofu.

Karibu na mawe ya pwani, kamba ya Samaki ikawa nzito. Papa Esdras na Albert waliivuta wakihema. Samaki alitoka akiwa amefungwa kitu, kimezungushwa vizuri, kimeingizwa ncha chini ya mkunjo kama mama anavyofunga kiunoni. Albert alikifungua akakitandaza.

Kitambaa cha njano. Funguo za buluu.

"Tiens," Albert alisema, "kikwembe. Mbona haijaoza?"

Ukingo mmoja ulikuwa umechanwa kwa mkono. Falone aliugusa. Kitambaa hiki kilikuwa chini ya udongo nyuma ya nyumba yao. Yeye hakuona kikizikwa, lakini Bweremana nzima iliona. Kilizikwa kikiwa kimevishwa mgomba, na sasa kilikuwa kimetoka ziwani. Basi mgomba ulikuwa wapi? Na kama mgomba umekwenda ziwani...

Nani alikuwa kaburini?

Aliruka majini kabla boti haijagusa nchi, maji yakamfika kifuani. Nyuma yake Papa Esdras alipaza sauti: "Falone! Weye njo ulinyoosha! Weye njo utakata!"

Jua lilikuwa linazama alipofika kwenye njia ya migombani. Njia ilikuwa na maji. Mvua haikuwa imenyesha. Yalikuwa madimbwi madogo, moja baada ya jingine, yakipanda kuelekea nyumbani, na upande wa kushoto wa kila dimbwi ulikuwa umezama zaidi.

Harufu ilikuwa nzito kiasi cha kutaka kutapika.

Jikoni moto ulikuwa unawaka peke yake. Chungu kilikuwa kinaungua. "Mama?" Hakuna jibu. Alizunguka kona ya nyumba akamwona. Mama Joséphine-Marie alikuwa ameketi chini kando ya kaburi, nusu ya kitenge kiunoni, mikono miwili mapajani. Alikuwa anaongea kwa upole na kichaka cha migomba.

"Mama, unaongea na nani?"

"Sss. Kaka yako amekuya." Alitabasamu. "Lakini hatulii. Anauliza kintu moja tu."

Majani yalitikisika. Hakukuwa na upepo.

"Falone."

Ilikuwa sauti ya Luc. Si sauti ya kufanana, ni ya Luc mwenyewe, na mafua yake yaleyale ya kila siku. Falone alisogea hatua moja. 

"Falone, nani analala mu fasi yangu?"

"Hakuna muntu, Luc," Falone alisema haraka. "Tuliweka mugomba. Mie sikukubali. Sikukubali hata siku moja."

"Nilijua. Njo ulininyooshea njia."

Kati ya migomba miwili kulikuwa na giza lililoegemea kushoto. Lilitoa maji. Tone... tone... tone. Falone alinyoosha mkono. Angemgusa. Alikuwa karibu hivyo.

Kong'.

Ilitoka chini, njiani.

Kong'. Kong'.

Bati kwa bati. Debe tupu linalogongana na debe tupu kwenye bega la mtu anayepanda mlima.

"Luc, uko na nani?"

Luc aliongea kama mtu aliyeleta wageni bila kutoa taarifa na anaona haya. "Nilikuwa peke yangu kule chini. Bo njo walinipandisha mu bateau yabo, ile ya maziwa. Walinibeba, Falone. Siwezi kubaacha."

"Bantu gani?"

"Hakuna muntu aliwachimbia hata mugomba. Hawana fasi. Hata moja." Kong'. Sasa ilikuwa kwenye ua. Sasa ilikuwa pia kwa jirani, nyuma ya nyumba ya Mama Umugwaneza, na mbwa wake alilia mara moja akanyamaza. "Wanauliza, Falone. Hapa Bweremana kuko nyumba ngapi?"

Hapo ndipo akili yake ilipoamka. Aliinyoosha njia kwa ajili ya mtu mmoja, lakini njia ni njia, haichagui wa kupita. Na nafasi haipatikani bure. Mgomba ulitoka ndipo Luc akaingia. Wale wengine hakuna aliyewawekea mgomba. Kwenye nyumba zile, nani atatoka ili wao waingie?

Alirudi nyuma hatua moja. Mama alimwona usoni akaelewa kabla yeye mwenyewe hajaamua.

"Hapana," Mama alisema. "Falone, hapana. Usimuzungukie mutoto yangu."

Falone alianza kukimbia.

Alizunguka kama boti inavyozunguka, nyumba na kaburi na migomba yote ndani ya duara moja. Alipita nyuma ya jiko. Alipita ua, kati ya watu asiowaona, bati likimgusa begani, baridi. Pumzi za maziwa zilimpiga shingoni. Aliteleza kwenye dimbwi, akaamka. Mama alikuwa anapiga kelele sasa, kelele zilezile za siku ya msiba, ambazo Falone hakuzisikia wakati ule kwa sababu alichelewa kufika.

Zilibaki hatua chache tu kufunga duara. Giza lililoegemea lilikuwa limegeuka kumtazama.

"Dada," lilisema taratibu. "Mie unanikata?"

Alifumba macho akapita.

Kimya.

Harufu ilikatika palepale. Wavuvi walisikika chini ziwani wakiimba, na mbwa wa jirani akabweka kama mbwa. Falone alianguka kwenye nyasi akamlilia kaka yake, hatimaye, kilio chote kwa pamoja. Alikuwa amemuua. Hivyo ndivyo alivyohisi, na hakuna neno la kumfariji ambalo mtu angelipata.

Asubuhi waliona kaburi limekuwa shimo. Hapakuwa na mgomba, wala chipukizi. Palikuwa na maji, maangavu, ya ziwa kabisa, na ndani yake sambaza mmoja mzima akizunguka. Mama alilitazama shimo, akamtazama Falone, akaingia ndani. Alipika, akafagia, akakunja ile nusu ya kitenge, bila neno.

Falone alishuka ufukweni kumwambia Albert aache. Alimkuta amekwisha kufunga mizigo kwenye boti nyingine ya kwenda Goma, kwa kuwa Papa Esdras alikuwa amekataa hata kushika kamba. Alimsimulia yote. Albert alimsikiliza kwa adabu, maana alikuwa na adabu.

"Falone, weye umechoka," alisema. "Hii ni histoire ya bazee. Kazi imeisha vizuri. Jana nimechora njia yote ya ile bateau, kama ilikuwa inatembea zamani. Kutoka pale iko mupaka port ya Goma. Safari kamili. Nimeweka ku internet, bantu bataona."

"Umechora namna gani?"

"Namna gani? Tout droit."

"Mukifika, muzunguke kwanza! Albert! Mbele ya kufika, muzunguke!"

Injini ilikuwa imeshawaka. Albert aliweka mkono sikioni, akacheka, akapunga. Boti ilikwenda juu ya maji bila kupinda popote. Falone alisimama mpaka ikapotea. Papa Esdras, karibu yake, alivua kofia kama mtu anayepishana na jeneza.

Jioni ile Mama alitandika meza. Sahani mbili. Kisha akaongeza ya tatu. Nje jua lilikuwa linaingia milimani, na ilikuwa saa ileile ya kutumwa sambaza, na hakuna aliyetumwa.

Simu ililia. Albert.

"Falone, niambie," alisema. Alijaribu kucheka. "Huku kwetu Goma nani anauzisha maziwa saa hizi? Nyumba yote inanuka."

Falone aliishika simu kwa mikono miwili.

"Tena kuko kijana moja hapa ku mulango. Anapiga hodi polepole. Nimechungulia ku dirisha. Amelowa. Amesimama namna hii, upande upande. Anasema njo kaka yako." Alishusha sauti. "Weye uliniambia alikufa. Nifanye nini? Nimufungulie?"

Aseme nini? Kumkatalia Luc mlango, mara ya pili, kwa mdomo wake mwenyewe? Alivuta pumzi aseme hapana. Naamini angesema. Lakini mkono ulitokea nyuma yake, wenye harufu ya moshi na mafuta ya ngazi, ukaichukua simu sikioni mwake bila nguvu yoyote.

"Mufungulie, Papa," Mama Joséphine-Marie alisema. Yalikuwa maneno yake ya kwanza tangu jana. "Hapa dada yake alimufungia."

Falone aliirukia simu. Ilikuwa imechelewa. Kitasa kilisikika kikigeuka huko mbali, mlango ukalia. Kisha sauti ya Albert, ndogo, ya mtu aliyerudi nyuma mpaka ukutani.

"Falone... Haiko peke yake."

Kong'.

Simu haikukatika. Mama aliiweka mezani, karibu na sahani ya tatu, akaketi na kukunja mikono kama mtu anayesikiliza habari njema. Kong'. Kong'. Na ndani ya simu, kwa adabu sana, mtu asiye Luc wala Albert alikuwa anauliza Goma kuko nyumba ngapi.